Cuerda 18, kwintali 90: jinsi ya kusoma vipimo vya kahawa vya Guatemala

*“Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa mkoani Kilimanjaro. Mgeni aliyetutembelea alituachia kijitabu cha Kihispania kuhusu wakulima wadogo wa Guatemala, na mwenyekiti wetu ameniomba nikitumie kuandaa mada ya mkutano mkuu. Ukurasa mmoja unasema shamba linalotunzwa vizuri hutoa kwintali 15 za ‘oro’ kwa kila ‘manzana’. Mwingine unamtaja mkulima mwenye ‘cuerdas 18’ aliyevuna kwintali 90 za ‘maduro’. Nimechukua kwintali kuwa kilo 100, manzana nikaifanya hekta, na cuerda nikaikuta mtandaoni kuwa ni mita za mraba 3,930. Ukurasa wa kwanza umenipa kilo 1,500 kwa hekta, na wa pili kilo 1,270 hivi. Mashamba yetu hayafiki hata nusu ya hapo. Naogopa kuwaaibisha wakulima wangu kwa takwimu za uongo, na naogopa vilevile kuwaficha ukweli. Je, hesabu yangu ni sahihi? Na kwa nini watu wenye mita na kilo bado wanaandika hivi? Kijitabu kina pia ushauri wa mbolea kwa vipimo hivyo hivyo, naweza kuutumia?”*

Ndugu Katibu,

Kuzidisha na kugawanya kwako hakuna dosari, lakini hesabu yenyewe haisimami, kwa sababu vipimo ulivyoviingiza ndani yake havitoki Guatemala. Kwintali ya kilo 100 ni ya Ethiopia na ya nchi nyingi zilizofuata desturi ya Kifaransa. Cuerda ya mita za mraba 3,930 ni ya Puerto Rico, kisiwa cha Karibi ambacho hakishirikiani na Guatemala kipimo hicho ila jina. Na manzana ya Amerika ya Kati ni ndogo kuliko hekta kwa karibu theluthi nzima. Kibaya zaidi ni kwamba makosa hayo yamekupa majibu mawili yanayokaribiana, na mtu akiona kurasa mbili tofauti zinamfikisha mahali pamoja huamini kwamba amefika. Ukaribu huo ni wa bahati tu, na nitakuonyesha ulivyotokea. Lakini hofu yako ya kuwaaibisha wakulima kwa takwimu usizoziamini ilikuwa ya mtu makini, na umefanya vyema kuuliza kabla ya mkutano.

Tuanze na ardhi. Vipimo vyote vya ardhi utakavyovikuta katika kijitabu hicho vinajengwa juu ya vara, ambayo asili yake ni ufito wa kupimia. Hispania ilikuwa na vara nyingi, karibu kila mji na yake, na mwaka 1568 Mfalme Felipe II aliamuru vara ya mji wa Burgos ndiyo itumike katika himaya ya Castilla, ufalme mkuu wa Hispania. Amri ya namna hiyo ilitolewa tena mwaka 1801, na hilo peke yake linakuambia jinsi ile ya kwanza ilivyotiiwa. Vara ya Burgos ina sentimita 83.59, na ndiyo Guatemala iliyobaki nayo ilipoachana na Hispania mwaka 1821. Kwingineko vara ilichukua njia yake: Kolombia waliikata ikawa sentimita 80 kamili, Argentina ina sentimita 86.6, na huko Texas, iliyokuwa sehemu ya Meksiko, ni sentimita 84.67. Kwa hiyo hata kipimo hiki cha msingi kinataka kuulizwa kimetoka nchi gani.

Manzana ni eneo la vara 100 kwa vara 100. Ukizidisha sentimita 83.59 kwa 100 unapata upande wa mita 83.59, na eneo lake ni mita za mraba 6,987, yaani hekta 0.7 kasoro kidogo sana. Kwa ekari, ambazo nadhani ndizo wanachama wako wanazozifikiria wanaposema shamba, manzana moja ni ekari moja na robo tatu hivi. Namna ya kuipima haitawashangaza. Ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 imejengwa kwa akili ileile ya kutembea upande mmoja, kugeuka na kutembea wa pili. Tofauti ni kwamba wao hutembea vara 100, na vara ni fupi kidogo kuliko hatua ile ndefu ya mpima ekari.

Sasa kwintali. Katika vipimo vya kale vya Castilla, kwintali ilikuwa ratili 100, na ratili moja ya huko ilikuwa gramu 460. Kwintali basi ni kilo 46. Robo yake, ratili 25, ndiyo arroba, ambayo huenda ukaikuta pia katika kurasa nyingine, nayo ni kilo 11.5. Kwintali ya kilo 46 ndiyo inayotumika katika biashara ya kahawa ya Guatemala hadi leo, na gunia lao la kusafirisha nje lina kilo 69 kwa sababu hiyo hiyo: ni kwintali moja na nusu. Ila kuna kwintali ya pili inayotembea pembeni yake, ile ya ratili 100 za Kimarekani zenye gramu 453.6 kila moja, ambayo ni kilo 45.36. Ukinunua mfuko wa mbolea dukani Guatemala ukaambiwa ni kwintali, ni huo. Tofauti ya hizi mbili ni kama asilimia moja na nusu, na kwa mada ya mkutano mkuu sidhani kama inastahili kukunyima usingizi. Katika mkataba wa kuuza kontena zima ingestahili.

Kwa hiyo ukurasa wako wa kwanza sasa unasomeka. Kwintali 15 ni kilo 690, na zimetoka katika hekta 0.6987, gawanya, na utapata kilo 988 kwa hekta. Kama kijitabu kina kurasa nyingi za namna hii, kariri namba moja tu: kwintali kwa manzana zidisha kwa 66, unapata kilo kwa hekta kwa ukaribu wa kutosha. Wewe ulizidisha kwa 100 bila kujua, na ndiyo maana 988 ikawa 1,500. Kosa hilo ni kubwa lakini linarekebishika kwa dakika moja, kwa sababu manzana na kwintali, ukishajua ni za Guatemala na ni za kahawa, hazina utata mwingi.

Cuerda ni habari nyingine kabisa.

Jina hilo maana yake ni kamba, na kwa asili kipimo kilikuwa kamba kweli, yenye urefu wa idadi fulani ya vara, inayovutwa kila upande wa kipande cha ardhi hadi kipatikane kiraba. Swali ni vara ngapi, na Guatemala haina jibu moja. Kuna cuerda ya vara 20 kwa 20, ya 25 kwa 25, ya 30 kwa 30, ya 32 kwa 32, ya 40 kwa 40 na ya 50 kwa 50, na inayotumika hubadilika kutoka manispaa moja hadi nyingine. Kwa mita, cuerda ya 25 kwa 25 ina mita za mraba 437, na 16 za namna hiyo hufanya manzana moja. Cuerda ya 40 kwa 40 ina mita za mraba 1,118. Ya 50 kwa 50 ina mita za mraba 1,747, na nne tu zinatosha manzana. Hakuna hata moja inayokaribia zile 3,930 za Puerto Rico. Mwenyeji haoni tatizo lolote hapa, kwa kuwa anayemuuzia shamba, anayemkodisha na anayemlipa kibarua wote ni wa bonde lilelile na kamba yao ni moja. Tatizo huanza pale namba inapopanda basi kwenda mjini, ikaandikwa katika ripoti bila urefu wa kamba yake.

Jambo jingine la kamba, ambalo nalitaja kwa sababu nanyi mnalima miteremko: kamba inayolazwa juu ya mteremko hupima uso wa ardhi, ilhali mpima ardhi mwenye vyombo hupima umbali wa mlalo kama unavyoonekana kwenye ramani. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, vara 25 zilizovutwa kuelekea juu ni vara 22 hivi tu kwenye ramani. Mkulima wa Guatemala na mkulima wa Old Moshi anayehesabu hatua wote wawili hujipa shamba kubwa kuliko lile ambalo picha ya setilaiti itawapa, na mavuno yao kwa eka au kwa manzana yanaonekana madogo kwa kiasi hicho. Hakuna aliyedanganya hapo.

Hatua ya tatu, na ndiyo iliyokupoteza zaidi, ni hali ya kahawa iliyopimwa. Oro ni kahawa safi, iliyokobolewa, tayari kwa soko. Pergamino ni kahawa iliyomenywa, ikavundikwa, ikaoshwa na kuanikwa, lakini bado imevaa ganda lake jembamba la ndani. Usiichanganye na ile kahawa ya maganda ya Kagera, ambayo hukaushwa na tunda lake zima. Maduro ni kahawa mbivu, tunda jekundu kama lilivyotoka mtini, pamoja na nyama yake na maji yake yote. Kijitabu kinaandika kwintali kwa zote tatu, na msomaji wa Guatemala haulizi kwa sababu neno linalofuata linamwambia. Wewe ulisoma kwintali ukaacha neno linalofuata.

Kwa makadirio ya kawaida, kwintali tano za kahawa mbivu hutoa kwintali moja ya pergamino, na kwintali moja na robo ya pergamino hutoa kwintali moja ya oro. Ukiunganisha hatua hizo mbili, unahitaji kwintali sita na robo za mbivu kupata moja ya oro. Uwiano huu unajulikana kwenu pia, kwani kiwanda chochote cha kumenya kinauona kila msimu, na nanyi mnajua kwamba haukai mahali pamoja: tunda lililochumwa baada ya mvua kubwa lina maji mengi, na tunda la mwisho wa msimu mara nyingi lina punje nyepesi. Uchukue kama makadirio, wala usiandike desimali nyuma yake.

Turudi sasa kwa yule mkulima wa cuerda 18. Kwintali zake 90 za mbivu ni kilo 4,140 za matunda, ambazo zikigawanywa kwa sita na robo ni kilo 662 za kahawa safi. Wewe ulimpa kilo 9,000. Kwa upande wa ardhi, kama cuerda yake ni ya 25 kwa 25, ana mita za mraba 7,860, yaani hekta 0.79, na amepata kilo 843 kwa hekta. Kama cuerda yake ni ya 40 kwa 40, ana hekta mbili, na amepata kilo 329 kwa hekta. Wewe ulimpa hekta saba. Uzito uliuongeza zaidi ya mara 13 na ardhi ukaiongeza ama mara tatu na nusu ama mara tisa, kisha ukagawanya kosa moja kwa jingine, ndipo likatoka jibu linalofanana na la ukurasa wa kwanza. Huko ndiko kukaribiana kulikotoka.

Angalia jinsi hali ilivyogeuka. Kilo 843 ni za mkulima anayefanya vizuri, na wanachama wako wanaweza kujifunza kwake. Kilo 329 ni za mkulima ambaye huenda ana shida zilezile za mibuni ya kale na ukosefu wa mbolea mnazozijua nyumbani. Mkulima ni mmoja, mavuno ni yaleyale, na ukurasa hauwezi kukuambia ni yupi kati ya hao wawili. Hapa ndipo mimi ningekataa kukadiria. Wako watakaokushauri uchukue cuerda ya kati na kati, mathalani ya 30 kwa 30, uendelee na safari. Naona ushauri huo ni mbaya, kwa sababu wastani wa kamba mbili si kamba ya mtu yeyote.

Kuna njia moja ya kujisaidia kabla hujaandika barua. Tafuta kama kijitabu kinataja idadi ya mibuni au nafasi za kupandia. Tuseme kinasema wanapanda kwa vara mbili kati ya mistari na vara moja kati ya miche. Kila mbuni basi unachukua vara za mraba mbili, cuerda ya 25 kwa 25 inaingiza mibuni 312, na ya 40 kwa 40 inaingiza 800. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba yule bwana ana mibuni 5,500 katika cuerda zake 18, gawanya, utapata 306, na urefu wa kamba umejitaja wenyewe. Hesabu ya miche ni ushahidi mzuri kwa sababu mkulima huijua kwa kuilipia kitaluni.

Idadi ya mibuni itakusaidia pia katika jambo ambalo hukuniuliza lakini litaulizwa mkutanoni. Nafasi ya kale ya Kilimanjaro ya mita 2.74 kwa 2.74 inaingiza mibuni kama 1,330 katika hekta. Nafasi ya vara mbili kwa moja niliyoitolea mfano inaingiza zaidi ya 7,000. Ukilinganisha kilo kwa hekta pekee, unalinganisha msitu na bustani; tena vihamba vyenu vina migomba, miti ya kivuli na majani ya ng’ombe juu ya ardhi ileile, na hekta ya kihamba inalisha nyumba kwa njia nyingi ambazo safu ya kahawa haizioni. Onyesha kilo kwa hekta, lakini onyesha na kilo kwa mbuni pembeni yake, na wazee watakuelewa zaidi.

Umeuliza pia kwa nini wanaandika hivi ilhali wana mita na kilo. Sehemu ya jibu iko katika hati za ardhi. Shamba lililogawanywa zamani kwa caballería, ambayo huko Guatemala ni kama hekta 45 na ambayo asili yake ni mgao wa ardhi aliopewa askari mpanda farasi baada ya ushindi wa Wahispania, lilirithiwa kwa kipimo hicho, likakatwa kwa manzana, na vipande vikakatwa kwa cuerda. Kila anayeuza leo anauza sehemu ya namba iliyokwisha kuandikwa. Sehemu nyingine ni kazi ya mikono. Kibarua hulipwa kwa kipande cha kupalilia, na kipande hicho hupimwa kwa vara, hivyo kubadili kipimo ni kubadili ujira, na hakuna anayekubali ujira wake ubadilishwe kwa maelezo ya mtu wa ofisini. Lakini sababu ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote kwa upande wa kahawa ni soko. Bei ya New York, ambayo ndiyo hutazamwa na wanunuzi wa arabika duniani, hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili. Bei ikiwa senti 200 kwa ratili, kwintali ya ratili 100 ni dola 200, na mkulima asiye na kikokotoo hupata jibu kabla dalali hajafungua mdomo. Nani angeacha kipimo kinachompa uwezo huo?

Wala tusiwacheke. Sisi huweka kahawa safi kwenye gunia la kilo 60, na mnadani Moshi na Nairobi bei hutajwa kwa dola kwa kilo 50. Mgeni kutoka Guatemala akisoma ripoti yetu bila kuambiwa hilo atakosea kwa njia ileile uliyokosea wewe.

Niseme neno kuhusu nchi jirani zao, kwa kuwa vijitabu vya Kihispania huvuka mipaka na huenda kesho ukaletewa kingine. Costa Rica mkulima huuza kahawa mbivu kwa ujazo. Kipimo chao kikubwa kinaitwa fanega, nacho ni lita 400 za matunda, ambazo zikichakatwa hutoa takriban kwintali moja ya kilo 46 ya kahawa safi. Ishirini ya fanega, yaani lita 20, ni cajuela, sanduku ambalo mchumaji hulijaza na kulipwa kwa idadi. Kwa maneno mengine ni debe, kama lile wanalolipwa wachumaji wa Nyeri na Kiambu. Ujazo una ugonjwa wake, ambao sina haja ya kumweleza mtu yeyote anayejua lumbesa: swali ni kama sanduku limesawazishwa mdomoni au limepandishwa kilima, na nani ameshika ubao wa kusawazishia. Jihadhari zaidi kwa sababu fanega hiyohiyo huko Castilla ilikuwa kipimo cha nafaka cha lita 55.5, na ilikuwa pia kipimo cha ardhi. Kolombia kwa upande wao walisawazisha vipimo vya kale na kilo: ratili yao ni gramu 500, arroba kilo 12.5, na kahawa ya pergamino huuzwa kwa mzigo unaoitwa carga, wenye kilo 125. Hesabu za Kolombia ni nyepesi kuliko zote, mradi tu usiwapelekee kilo 11.5 za Guatemala.

Nifike sasa kwenye mbolea, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kukosea mavuno katika mada ya mkutano ni aibu inayopita. Kukosea mbolea ni hasara na mizizi iliyoungua. Tuseme kijitabu kinashauri kwintali 10 za mbolea kwa manzana kwa mwaka. Kwintali hiyo ni ya mfuko, kilo 45.36, kwa hiyo ni kilo 649 kwa hekta. Mtu anayesoma kama ulivyosoma mwanzo ataweka kilo 1,000, nusu nzima zaidi ya ilivyokusudiwa. Tena hata hizo 649 zimekusudiwa hekta yenye maelfu ya mibuni iliyosongamana. Ukizimwaga kwenye hekta yenye mibuni 1,330, kila mbuni unapata mara tano ya ule wa Guatemala. Ndiyo maana ushauri unaofaa kusafiri ni ule uliotolewa kwa kila mbuni. Waandishi wa huko mara nyingi huuandika kwa wakia, “onzas”, na wakia moja ni gramu 28 hivi. Wakia mbili basi ni gramu 57.

Hata hivyo, baada ya kugeuza namba vizuri, bado hujapata ushauri. Umepata tafsiri ya kilichofaa udongo wa volkano ya nchi nyingine, wenye mvua zake na aina zake za mibuni. Kiwango cha mbolea cha wanachama wako kitokane na upimaji wa udongo wao, na kwa hilo msikae na kijitabu wala na mimi. Nendeni TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, ambao hawako mbali nanyi, mbebe sampuli za udongo zilizochukuliwa sehemu kadhaa za shamba. Kuhusu dawa za kunyunyizia sitageuza kipimo chochote hapa. Vitabu vya Amerika ya Kati hutaja dawa kwa vikombe kwa kila bomba la mgongoni, kikombe chenyewe ni cha huko na bomba ni la huko, na huenda dawa yenyewe haijasajiliwa kwetu. Fuata lebo ya dawa iliyosajiliwa Tanzania, na ukiwa na shaka muulize afisa wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ana kwa ana, mkiwa na chupa mkononi.

Na kama mgeni wenu alikuja na wazo la kununua kahawa, mkataba wowote utakaotaja kwintali uandikwe kilo pembeni yake, pamoja na hali ya kahawa yenyewe, kabla mtu yeyote hajatia saini. Mizani ya chama nayo ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na stika yake iwe ya mwaka huu. Mwanasheria wa ushirika ausome mkataba huo; mimi ni mtu wa vipimo tu.

Kwa mkutano mkuu, ushauri wangu ni huu. Tumia ukurasa wa kwanza: kilo 988 kwa hekta za kahawa safi, ambazo waweza kuzitaja kama “karibu kilo 1,000”, ukisema wazi kwamba ni shamba linalotunzwa vizuri na lililopandwa kwa msongamano kuliko letu. Namba hiyo ni ya kweli na bado ina changamoto ya kutosha. Ukurasa wa yule mkulima uuache kando hadi upate jibu. Mwandikie mgeni wenu, au Anacafé, chama cha taifa cha kahawa cha Guatemala, na huna haja ya barua ndefu. Taja ukurasa, kisha uliza kwa Kihispania: “¿De cuántas varas es la cuerda?”, yaani cuerda hiyo ni ya vara ngapi. Wakijibu 25, mkulima wako ana kilo 843 kwa hekta. Wakijibu namba nyingine, izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha kwa 0.6987, upate mita za mraba za cuerda moja. Zidisha kwa 18, gawanya kwa 10,000 upate hekta, kisha gawanya kilo 662 kwa hekta hizo.